Petroli Iliyolala: Historia ya Injini za Boti na Mafuta Yake Sindo

Injini ya boti inayouzwa ikiwa imetumika katika ufuo wa Sindo mara nyingi huuzwa pamoja na mafuta yaliyobaki ndani yake. Kiasi hicho kidogo cha petroli, kilicholala katika tangi, katika mpira na katika bakuli la kabureta kwa wiki au miezi, ndicho huamua kama mnunuzi ataiwasha injini siku hiyo hiyo au ataibeba begani kwenda kwa fundi. Mafundi wa ufuoni wamehangaika nacho tangu injini za kwanza zilipofika upande huu wa Ziwa Viktoria. Historia ya mahangaiko hayo haitengani na historia ya ziwa lenyewe, kwani samaki waliovuliwa, barabara zilizopitisha mapipa, sheria zilizofunga msimu na madeni yaliyozilaza injini stoo ndivyo vilivyoamua petroli ikae muda gani kabla ya kuchomwa.

Sindo ni mji wa Suba Kusini katika kaunti ya Homa Bay, kusini mwa Mbita. Nyuma yake liko Bonde la Lambwe na Mbuga ya Taifa ya Ruma, na upande wa kusini vinasimama vilima vya Gwassi. Msafiri akiufuata ufuo kwenda kusini hufika Nyandiwa, kisha Karungu na Ghuba ya Muhuru zilizo katika kaunti ya Migori, hadi mpaka wa Tanzania. Ghuba ya Winam, inayoanzia Kisumu, imezingirwa na nchi kavu pande nyingi na mawimbi yake yana kiasi. Wavuvi wa Sindo, kinyume chake, hutoka na kukutana na ziwa lililo wazi, na uwazi huo ndio ulioifanya injini kuwa chombo cha uhai kwao mapema kuliko kwa wenzao wa ndani ya ghuba.

Kabla ya petroli, vyombo vya huku viliendeshwa kwa kasia na upepo. Wasuba, ambao mababu wa koo zao nyingi walitoka pande za Buganda na Busoga, walikuwa mabingwa wa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, aina iliyojulikana kaskazini na magharibi mwa ziwa. Mitumbwi hiyo ilipigiwa kasia na watu wengi waliokwenda kwa mdundo mmoja. Tanga la pembetatu lilifika baadaye, pamoja na majahazi ya wafanyabiashara wa pwani waliojenga vyombo kusini mwa ziwa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Lilienea kwa urahisi kwa sababu ziwa lina desturi yake ya upepo. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na mchana hugeuka ukavuma kutoka majini kuelekea ufuoni. Mvuvi aliyeijua saa ya upepo alitoka nao na kurudi nao bila kulipa chochote. Utaratibu huo haujafa, kwani tanga bado linaonekana katika maji ya Suba, na mwenye injini akiishiwa mafuta katikati ya ziwa hulikumbuka.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi wa Desemba 1901. Meli za mvuke zilizofuata, kama vile Winifred, Sybil na Clement Hill, zilipita mwambao wa kusini na kutia nanga Homa Bay na Karungu. Meli hizo zilichoma kuni. Zilileta chumvi, nguo, na baada ya muda mafuta taa katika madebe, lakini hazikubadili mwendo wa mvuvi mdogo. Kilichobadilika kwanza ni wavu. Mwaka 1905 nyavu za makila za nyuzi za kitani ziliingizwa katika Ghuba ya Winam na Mnorwe aitwaye Aarup, na samaki aina ya ngege wakaanza kuvuliwa kwa wingi usiowahi kuonekana. Mtaalamu wa samaki Michael Graham alipolipima ziwa mwaka 1927 na 1928, tayari alikuta ngege wakipungua karibu na miji, na wavuvi wakilazimika kwenda mbali zaidi. Umbali huo ndio uliokuja kuipa petroli nafasi yake.

Injini ndogo inayofungwa kwenye tezi ya boti, yenye kichwa juu na panga lake chini majini, ilikuwa imeshaanza kuuzwa Marekani. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyehamia Milwaukee, alianza kuuza zake mwaka 1909, zikiwa na nguvu ya farasi 1.5 hivi na uzito wa karibu kilo 28. Ilikuwa injini ya stroki mbili, na hali hiyo ina uzito katika simulizi hii. Injini ya aina hiyo haina hazina ya oili kama gari. Oili huchanganywa na petroli kabla ya kutiwa tangini, hupita pamoja nayo katika kabureta, hulainisha beringi na pistoni, kisha huungua. Kwa hiyo kilicholala katika tangi la boti si petroli tupu. Ni mchanganyiko, na kila kimoja kati ya viwili hivyo huzeeka kwa njia yake.

Katika makoloni ya Uingereza zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia injini za Seagull, nzito kwa moshi na nyepesi kwa ufundi. Za zamani zilihitaji sehemu 1 ya oili kwa 10 za petroli, kiasi kilichoacha mafuta mazito yaliyoganda katika kila tundu mara petroli ilipokwisha kuruka. Kwa takriban miongo miwili injini za boti katika ziwa zilibaki chache, mikononi mwa maofisa wa uvuvi, wamishonari na wafanyabiashara wa samaki wenye mtaji. Mwaka 1947 ilianzishwa idara ya pamoja ya uvuvi wa Ziwa Viktoria kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na boti zake za doria zilikuwa miongoni mwa vyombo vidogo vya kwanza ambavyo wanakijiji wa mwambao waliviona vikienda kinyume cha upepo bila kasia. Mvuvi wa kawaida aliziangalia tu. Bei ya injini ilikuwa nje ya uwezo wake, na hata kama angeipata, mafuta yangemshinda.

Safari ya mafuta hayo yenyewe inastahili maelezo, kwa kuwa petroli huanza kuzeeka njiani. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilifunguliwa mwaka 1963 na kufanya kazi hiyo hadi 2013. Kutoka huko petroli ilipanda reli hadi Kisumu. Bomba la Mombasa hadi Nairobi lilikamilika mwaka 1978, na tawi lake la magharibi likafika Kisumu na Eldoret mwaka 1994. Lakini bomba liliishia Kisumu. Kutoka hapo hadi mwambao wa Suba mafuta yaliendelea kusafiri kwa lori, kisha katika mapipa ya lita 200 na madumu ya lita 20, juu ya barabara za udongo zilizokatika msimu wa mvua. Pipa lililowekwa juani hupumua. Mchana joto huvimbisha hewa iliyomo na mvuke mwepesi hutoka kwenye kifuniko kilicholegea. Usiku likipoa huvuta ndani hewa yenye unyevu wa ziwa, na unyevu huo hugeuka matone na kutulia chini. Petroli iliyofika ufuoni kwa njia hiyo ilikuwa tayari imepoteza sehemu yake iliyo rahisi kuwaka na kupata maji ambayo haikutoka nayo Mombasa.

Mgeuko mkubwa ulisababishwa na sangara. Samaki huyo, ambaye Waluo humwita mbuta, alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akatulia kwa muda, kisha akaongezeka kwa kishindo kuanzia mwisho wa miaka ya 1970. Samaki waliovuliwa katika ziwa zima walipanda kutoka takriban tani 100,000 kwa mwaka hadi kufikia takriban tani 500,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu na miji mingine ya ziwa, na soko likawa Ulaya na Israeli. Sangara mkubwa hukaa maji ya mbali, na minofu haingoji upepo. Samaki aliyevuliwa usiku alitakiwa afike kwenye barafu kabla jua halijapanda. Hapo ndipo injini ilipoacha kuwa fahari na kuwa sharti.

Pesa za kuinunua zilitoka kwa wakala. Mawakala wa viwanda waliwakopesha wavuvi injini na nyavu kwa makubaliano kwamba samaki wote watauzwa kwao, na deni litakatwa polepole kwenye mizani. Mpango huo uliwafikisha wengi katika maji ambayo wasingeyafikia, na pia uliwafunga wengi. Injini za stroki mbili kutoka Japani zilitawala soko. Yamaha, iliyotoa injini yake ya kwanza ya boti mwaka 1960, ikawa jina linalotajwa na kila mtoto wa ufuoni, hasa zile za nguvu ya farasi 15, 25 na 40. Hesabu ya uvuvi iliyofanywa na nchi tatu kwa pamoja mwaka 2000 ilikuta injini za boti kiasi cha 4,000 katika ziwa lote, kwa vyombo kama 42,000. Miaka 10 baadaye vyombo vilikuwa zaidi ya 64,000, na injini zilizidi 16,000. Yaani vyombo viliongezeka kwa nusu, na injini zikawa mara nne.

Ongezeko hilo lilizaa soko la injini zilizokwishatumika, na pamoja nalo tatizo la mafuta yaliyolala. Katika nchi za baridi boti huwekwa bandani majira ya kipupwe, na vitabu vya watengenezaji huandikwa kwa kufikiria mapumziko hayo. Sindo haina kipupwe. Injini zake hulala kwa sababu nyingine, na sababu hizo zina tarehe na sheria zake.

Ya kwanza ni msimu wa kufungwa kwa uvuvi wa omena, yaani dagaa. Kenya imeweka marufuku ya kuvua omena kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai kila mwaka ili samaki hao wazaliane. Miezi hiyo 4 inatosha kabisa kuharibu petroli iliyoachwa katika tangi, hasa kwa joto la ufuoni. Hata nje ya msimu huo, uvuvi wa omena hutegemea taa zinazowavuta samaki gizani, na mbalamwezi inapokuwa kamili taa hazina nguvu, hivyo boti hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Ya pili ni deni. Mvuvi aliyeshindwa kulipa hunyang'anywa injini, nayo hukaa katika stoo ya wakala hadi apatikane mteja. Ya tatu ni mpaka. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa, na mvuvi wa Suba akimfuata sangara kwa saa chache huwa tayari ameingia maji ya Uganda au Tanzania. Injini zilizokamatwa na askari wa doria hukaa nje, mvua na jua, hadi kesi au faini imalizike. Injini iliyorudishwa baada ya miezi namna hiyo haina tofauti na iliyofufuliwa.

Sababu ya nne ni wizi, na hii imeacha alama kubwa katika desturi za ufuoni. Uporaji wa injini umekuwa janga la ziwa kwa miongo, na kwa wengine umegharimu maisha. Ndiyo maana mwenye boti hufungua injini kila anaporudi, akaibeba begani hadi nyumbani na kuilaza ndani anakolala. Hatua hiyo ya kujilinda ina gharama yake kwa kabureta. Injini ikilazwa kichwa kikiwa chini kuliko miguu, maji yaliyobaki katika njia ya kupozea huteremkia silinda, na petroli iliyomo katika bakuli humwagika au kusambaa mahali isipotakiwa. Wenye uzoefu huchomoa mpira wa mafuta kabla ya kufika ufuoni na kuiacha injini iunguze yote iliyobaki katika kabureta mpaka izime yenyewe. Ni hekima rahisi isiyogharimu senti, na injini nyingi zimeokolewa nayo.

Petroli ikilala hupitia mabadiliko mawili makubwa. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika cheche haraka, huruka kwanza. Sindo iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari kwa sababu ndicho kimo cha ziwa, na huko hewa ina kanieneo pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na Mombasa. Mvuke hutoka kwa urahisi zaidi. Kinachobaki ni petroli nzito inayohitaji kamba ivutwe mara nyingi. Wakati huo huo, baadhi ya molekuli zake huungana na oksijeni ya hewa na kuunda utomvu. Rangi hugeuka kutoka njano nyepesi kuwa ya kahawia, na harufu yake kali hupotea ikabaki harufu chachu inayofanana na vanishi ya fundi seremala. Katika mchanganyiko wa stroki mbili, oili hairuki. Petroli ikipungua, oili huzidi uwiano, hutuama chini ya bakuli na kuziba vijitundu ambavyo baadhi yake ni vyembamba kama unywele.

Maji ni adui mwingine. Hayachanganyiki na petroli. Hukaa chini yake, na mdomo wa mpira wa mafuta huanzia chini hapo hapo. Yakifika kwenye bakuli la kabureta, ambalo ni la alumini, huila alumini hiyo na kuacha unga mweupe. Ziwa Viktoria ni la maji baridi, na katika hilo fundi wa Sindo ana nafuu kuliko mwenzake wa Lamu, anayekuta chumvi katika kila skrubu. Nafuu hiyo hupotea pale dumu lililobeba maji ya kunywa jana linapobeba petroli leo bila kukaushwa.

Siasa za mafuta nazo ziliingia tangini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha Muhoroni, kinachotengeneza spiriti kutokana na molasi ya miwa, kilianza kutoa spiriti ya kuchanganywa na petroli ya Kenya kwa kiasi cha asilimia 10. Mpango huo ulidumu hadi 1993 na mchanganyiko wake uliuzwa hasa Nairobi, lakini una funzo la kiufundi kwa mwenye boti. Spiriti huvuta maji kutoka hewani, na yakizidi kiasi hujitenga pamoja nayo na kuzama chini. Petroli ya namna hiyo huharibika upesi kuliko ya kawaida kwa chombo kinacholala juu ya maji.

Kisha kulikuwa na risasi. Kwa miongo mingi petroli ilitiwa kemikali ya risasi ili isigonge ndani ya silinda, na mafundi waliooshea vipuri kwa mikono mitupu waliinyonya kupitia ngozi bila kuambiwa na mtu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi wa Juni 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 Kenya ilikuwa imeacha kuiuza. 

Hila ya wauzaji ilileta mchanganyiko mwingine. Mafuta taa yalitozwa ushuru mdogo kwa kuwa ni mafuta ya taa na jiko la mnyonge, na wafanyabiashara wasio waaminifu wakayachanganya na petroli na dizeli. Ufuoni jambo hili lilikuwa jepesi kuliko kwingineko, kwani boti moja ya omena ilibeba petroli ya injini na mafuta taa ya karabai, wakati mwingine katika madumu yanayofanana. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo hugoma kuwaka ikiwa baridi, hutoa moshi mzito na kuweka masizi kwenye plagi. Mwezi wa Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuua hila hiyo. Tozo hiyo iliwapunguzia walaghai faida, lakini iliwapiga pia wavuvi wa omena ambao hawakuwa na hatia, kwa kuwa taa zao zilitegemea mafuta hayo kila usiku.

Uhaba nao umekuwa chanzo cha petroli kuukuu. Vurugu zilizofuata uchaguzi zilipofunga barabara za magharibi mwanzoni mwa 2008, na tena vituo vilipokauka mwezi wa Aprili 2022, waliopata mafuta waliyaficha. Petroli iliyofichwa kwa hofu ya kesho hutumika baada ya hofu kupita, ikiwa imezeeka. Tangu Desemba 2010 bei ya juu kabisa ya petroli hutangazwa na serikali kila katikati ya mwezi, na tangazo hilo limeongeza sababu nyingine ya kujaza madumu kabla ya bei kupanda.

Kazi ya kuisafisha injini iliyolala imejengeka katika mfuatano ambao mafundi wa mwambao hurithishana bila kitabu. Mafuta ya zamani hutolewa yote, katika tangi, katika mpira na katika kipira cha mkono cha kusukumia mafuta. Kidogo humiminwa katika chupa safi na kuachwa yatulie. Maji yakiwapo huonekana chini kama tabaka tofauti, na rangi ya juu hueleza umri. Kuyachanganya na petroli mpya ili yasipotee ni kishawishi kikubwa kwa mwenye mfuko mwembamba, na kwa petroli iliyokaa wiki chache yenye harufu nzuri inawezekana bila madhara. Iliyogeuka kahawia haifai kuchanganywa kwa kiasi chochote, kwa sababu utomvu wake hautoweki unapopunguzwa makali. Unakwenda kuganda mahali pengine.

Baada ya hapo kabureta hufunguliwa. Skrubu ya chini ya bakuli hulegezwa kwanza ili kuona kinachotoka. Boya na sindano yake hukaguliwa, kwa kuwa sindano iliyoganda kwa utomvu huifanya kabureta ifurike au ikauke. Vijitundu husafishwa kwa petroli mpya na hewa ya pampu. Baadhi ya mafundi hutumia uzi wa shaba uliotolewa katika waya wa umeme, na uteuzi huo una busara, kwani shaba ni laini na haipanui tundu kama pini ya chuma inavyofanya. Tundu likipanuka hata kidogo, uwiano wa hewa na mafuta huharibika, na kosa hilo halirekebishiki bila kununua kipuri. Viwambo vya pampu ya mafuta, ambavyo ni vya mpira mwembamba, hukakamaa vikikaa na petroli mbovu, na mara nyingi ndivyo chanzo cha injini inayowaka ufuoni na kuzima maji yakianza kuwa marefu. Chujio hubadilishwa au kuoshwa, plagi hupigwa msasa au kutupwa.

Ndipo huja suala la oili. Injini nyingi za sasa za stroki mbili hutaka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 katika dumu la lita 20. Injini iliyolala muda mrefu imekauka ndani, na mafundi wengi huiwasha kwanza na mchanganyiko wenye oili maradufu ya hapo, huku matone machache yakitiwa moja kwa moja katika silinda kupitia tundu la plagi. Kamba huvutwa polepole mara kadhaa bila plagi ili oili isambae. Kuivuta kwa nguvu ikiwa kavu ni kuikwaruza silinda, na hapo mnunuzi hupoteza injini aliyoipata kwa jasho la miezi. Injini hujaribiwa ikiwa imesimamishwa katika pipa la maji, kamwe si kavu, kwa sababu pampu yake ya kupozea ina mapezi ya mpira yanayoungua kwa muda mfupi yakikosa maji.

Petroli iliyotolewa hupata njia nyingi, na baadhi ni za hatari. Hutumika kuoshea vipuri na kuwasha moto wa takataka. Mwisho mbaya kuliko yote ni pale inapouzwa au kutiwa kama mafuta taa. Mafuta taa hayatoi mvuke wa kushika moto hadi joto lifike nyuzi 38 au zaidi za Selsiasi. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Taa au jiko lililotiwa petroli kuukuu hulipuka mikononi mwa anayeliwasha, na mara nyingi huyo ni mama au mtoto asiyejua kilichomo katika chupa. Kumwagwa ziwani ni njia nyingine iliyozoeleka, ingawa Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza, na ingawa maji ya kunywa ya nyumba nyingi za mwambao huchotwa hatua chache kutoka zinapofungwa boti. Injini yenyewe ya stroki mbili yenye kabureta hutoa karibu robo ya mafuta yake majini bila kuungua, hivyo lita zinazomwagwa kwa mkono ni nyongeza juu ya mzigo ambao ziwa limeubeba kwa miaka mingi.

Mabadiliko ya karibuni yamepita katika njia mbili. Taa zilitangulia. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilianza Mbita mradi ulioitwa Umeme kwa Wote, uliokodisha taa zinazochajiwa kwa jua kwa wavuvi wa omena, na tangu hapo taa za betri zimechukua nafasi ya karabai katika boti nyingi. Dumu la mafuta taa likitoka katika boti, uwezekano wa kulikosea na la petroli hutoka nalo. Injini zimefuata kwa mwendo wa taratibu. Katika miaka ya 2020 injini za umeme zimeanza kukodishwa kwa wavuvi wa eneo la Mbita, betri zikichajiwa kwenye vituo vya sola ufuoni. Injini hizo hazina kabureta wala tangi, na kulala kwake msimu wa omena hakuachi utomvu wowote, ila betri nayo ina masharti yake ya kuhifadhiwa.

Injini za stroki nne zinazonyunyiza mafuta kwa kompyuta zimeingia pia, zikichoma vizuri zaidi na kutoa moshi mdogo. Kwa upande wa petroli iliyolala hazijaleta nafuu. Vinyunyizio vyake ni vyembamba kuliko vijitundu vya kabureta, vinafanya kazi kwa kanieneo kubwa, na haviwezi kusafishwa kwa uzi wa shaba chini ya mti. Mwenye injini hiyo akiachiwa mafuta mabovu na muuzaji hulazimika kuipeleka Kisumu au kuagiza kipuri. Hiyo ni sababu mojawapo inayoifanya stroki mbili ya zamani iendelee kupata wanunuzi Sindo, pamoja na mafuta yoyote iliyonayo ndani.